Kwenda Venezia ukitokea Unguja: ya kujua kabla hujafunga begi

Kila mwaka Waitalia wanakuja Kiwengwa, Pwani Mchangani na Nungwi, na baadhi yao wameshakuwa watu wetu. Mgeni akizoea huanza: "Na wewe uje kwetu." Zamani tulikuwa tunaitikia kwa adabu, yakaisha hapo. Siku hizi mialiko inazaa safari kweli, na kwa kuwa kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, Kitaliano nakisema na Venezia nimeshafika, kila anayetaka kwenda hunijia na masuali yale yale. Nayaandika hapa kwa ajili ya mtu wa Unguja au Pemba anayekwenda kwa mara ya kwanza. Roma na Milano zina habari nyengine.

La kwanza nataka ulishike ni hili: Venezia ni mji wa kupangia saa. Maji yake yana saa za kujaa na kupwa, na wageni wake nao wana bamvua lao. Wanaanza kumiminika kiasi cha saa nne asubuhi kutoka kwenye treni na mabasi, saa sita mchana wameshajaa vichochoro vyote baina ya daraja la Rialto na uwanja wa San Marco, na kuanzia saa kumi na moja jioni wanakupwa. Anayeingia na kutoka siku hiyo hiyo huuona mji ukiwa umefurika tu, akarudi na mabega ya watu na foleni. Basi lala ndani ya mji, toka alfajiri, pumzika mchana, toka tena usiku. Mengine yote nitakayosema yanafuata hapo.

Karatasi

Italia imo ndani ya Schengen, nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kwa viza ya matembezi hukai zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180. Ubalozi wa Italia uko Dar es Salaam, kwa hivyo tia nauli ya boti na pa kulala Dar katika hesabu, maana alama za vidole humtumi mtu. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari mpaka siku 15 kabla. Peleka yako miezi miwili mapema. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ukikataliwa hairudi. Pasi iwe bado ina miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya, iwe na kurasa mbili tupu, na isiwe imeshapita miaka kumi tangu kutolewa. Bima ya matibabu ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi.

Baada ya hayo wanachokitafuta ni kitu kinachokurudisha nyumbani. Barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, leseni ya biashara, hati ya kiwanja, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, taarifa ya benki inayoonyesha pesa zinaingia na kutoka kwa mwendo wa kawaida. Kurundika mamilioni kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuomba hakukusaidii. Linaonekana mara moja.

Ukialikwa, mwenyeji wako aandike barua ya mwaliko na aambatanishe nakala ya kitambulisho chake. Mkumbushe na jambo moja ambalo wenyewe wengine hawalijui: sheria ya Italia inamtaka anayemlaza mtu asiye wa Umoja wa Ulaya aarifu polisi ndani ya saa 48. Hotelini wanakufanyia wao wakishachukua pasi yako, usishituke wakiiomba.

Mpakani, tangu Oktoba 2025, kuna mfumo mpya wa kukupiga picha na kuchukua alama za vidole. Bima, anwani ya unakofikia na tiketi ya kurudi viwe mkononi, visiwe ndani ya begi ulilokabidhi.

Begi liwe dogo

Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu najua tunavyosafiri, mtu mmoja na masanduku mawili ya zawadi. Venezia ina madaraja zaidi ya 400, na takriban yote ni ya ngazi. Hakuna gari, hakuna vespa, hata baiskeli imepigwa marufuku. Kwetu Mji Mkongwe pikipiki inakupigia honi mpaka mlangoni kwa mtu, na ukiwa na mzigo humkosi kijana wa kuusukuma na mkokoteni. Kule wapagazi wapo, lakini bei yao ni ya kule. Begi la mgongoni na jengine dogo la magurudumu vinatosha.

Zawadi beba viungo vikavu: karafuu, mdalasini, hiliki, pilipili manga. Venezia ilitajirika kwa biashara ya viungo vilivyopitia Aleksandria kabla Wareno hawajaizunguka Afrika, na mwenyeji wako akifungua pakiti ya karafuu za Pemba ataikaribisha puani kwanza. Nyama na vitu vya maziwa haviingii Ulaya, kwa hivyo sambusa za njiani zile ziishe ndani ya ndege. Matunda mabichi yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, ndizi, nazi, tende na doriani. Doriani sheria imelikubali, shirika la ndege halitalikubali. Makombe na chochote cha gamba la kasa usiguse kabisa.

Pa kulala, na kuufikia mlango

Wengi hulala Mestre, upande wa bara, kwa sababu ni rahisi, na treni inakufikisha kituo cha Santa Lucia kwa dakika kumi na kidogo. Kama pesa ni ya kuhesabu, si vibaya. Lakini ukiweza, punguza siku, lala ndani. Afadhali siku tatu kisiwani kuliko sita Mestre. Mji una mitaa sita mikuu: San Marco, Castello, Cannaregio, Dorsoduro, San Polo na Santa Croce. Mimi napendekeza Cannaregio upande wa kaskazini au Castello ya mwisho kule, ambako bado kuna nguo zimeanikwa juu ya kichochoro na watoto wanacheza mpira uwanjani baada ya skuli.

Bei ya chumba haina ushuru wa mji. Huo unalipwa hotelini kwa kila usiku, yuro chache kwa mtu. Pia kuna ada ya kuingia kwa wanaokuja kutwa tu, iliyoanzishwa 2024. Mwaka 2025 ilitozwa kwa siku maalumu baina ya Aprili na Julai, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa kumi jioni: yuro 5 kwa aliyelipa mapema, yuro 10 kwa aliyechelewa. Anayelala ndani ya manispaa, hata Mestre, halipi, ila ajisajili mtandaoni apate hati ya msamaha. Tarehe hubadilika kila mwaka, zitazame kabla hujakata tiketi.

Sasa anwani. Nyumba hazihesabiwi kwa njia, zinahesabiwa kwa mtaa mzima, hivyo utapewa "Castello" na nambari ya elfu kadhaa na haitakwambia kitu. Muulize mwenyeji mambo mawili: kituo gani cha boti, na kanisa gani liko karibu. Kwa hayo utafika. Kwenye kuta kuna vibao vya njano vinavyoelekeza Rialto, San Marco, Accademia na Ferrovia, yaani stesheni. Ukivifuata unakwenda na umati. Ukitaka kukimbia umati, geukia njia isiyokuwa navyo. Sisi tuliokulia baina ya Mkunazini, Shangani na Malindi hatutishwi na kichochoro kinachopinda, lakini kule baadhi yake huishia majini ghafla bila ukingo, kwa hivyo usiku tazama chini.

Njiani tembea upande wa kulia, kwa safu, na usisimame juu ya daraja kupiga picha watu wakakwama nyuma yako. Wenyeji wanakwenda kazini hapo hapo. Ukitaka kupita sema "permesso", na utaona uso wa mtu unavyofunguka.

Maji

Hapa ndipo mtu wa pwani ana elimu kuliko mgeni mwengine yeyote. Kwetu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kiasi cha mita nne. Ukienda Kiwengwa maji yakiwa yamekupwa unatembea mpaka karibu na mwamba. Venezia tofauti ya kujaa na kupwa ni kiasi cha mita moja tu. Ila mji wenyewe umekaa chini mno, ndiyo maana hiyo mita inatosha.

Mafuriko ya kule, acqua alta, huja zaidi baina ya Oktoba na Januari, khasa Novemba. Mwezi mpya au mwezi mpevu peke yake hauleti shida. Shida huja bamvua likikutana na upepo wa sirocco unaovuma kutoka kusini-mashariki na kuyasukuma maji ya bahari ya Adriatic juu kaskazini, huku mgandamizo wa hewa umeshuka. Tarehe 4 Novemba 1966 yalifika sentimita 194, na tarehe 12 Novemba 2019 sentimita 187. Tangu Oktoba 2020 wanayo malango ya chuma, MOSE, 78 kwa jumla, yaliyolala chini ya maji kwenye milango mitatu ambayo maji ya bahari hupita kuingia kwenye ziwa la chumvi lenye Venezia ndani yake, nayo huinuliwa maji yakitabiriwa kufika kiasi cha sentimita 110.

Kwa hivyo hutazama nini? Tazama utabiri wa maji wa manispaa kila jioni, unatolewa kwa saa na sentimita. Uwanja wa San Marco ni wa chini kuliko pahala pengi, huanza kulowa hata kabla ya kiwango cha kuinua malango. Ukiona utabiri uko juu ya 80, pitia pengine saa hiyo, au ngoja. Maji hayakai, baada ya saa chache yameshuka. Viatu vya ngozi acha nyumbani.

Ukichagua mwenyewe miezi, nenda Aprili, Mei, au Septemba mwishoni. Agosti kuna joto na mbu, lakini hayo tunayajua. Januari baridi yake ni ya unyevu, inaingia kwenye mifupa, na koti la mtumba la Darajani lisilozuia upepo halitoshi.

Boti

Kutoka uwanja wa ndege wa Marco Polo, basi linakufikisha Piazzale Roma, pa mwisho pa magari, kwa chini ya nusu saa. Teksi ya majini ni zaidi ya yuro 100. Iache.

Ndani ya mji usafiri ni vaporetto, boti ya abiria. Tiketi moja ni yuro 9.50, inadumu dakika 75, na ya saa 24 ni yuro 25, ya saa 72 ni yuro 45. Piga hesabu kabla: ukipanda mara tatu kwa siku, ya siku nzima imeshakulipa. Kijana wa miaka 6 hadi 29 aulize kadi ya punguzo ya Rolling Venice. Tiketi lazima uigonge kwenye mashine ya gatini kabla ya kupanda, hata kama ni ya siku tatu. Panda nambari 1 usiku, baada ya saa tatu, kutoka Piazzale Roma mpaka San Marco. Inasimama kila kituo, taa za majumba zimewaka, madirisha yako wazi unaona dari zilizochorwa ndani, na pa kukaa papo.

Gondola bei yake imewekwa na manispaa: yuro 90 mchana kwa dakika 30, yuro 110 kuanzia saa moja usiku. Ni bei ya chombo, si ya kila mtu, na chombo kinachukua mpaka watano. Kama hutaki kutoa hizo, tafuta traghetto, gondola ya kuvushia watu Mfereji Mkuu kwa yuro 2.

Chakula, sala na choo

Nguruwe kwenye orodha ya chakula ana majina mengi: prosciutto, speck, pancetta, mortadella, salame, na mafuta yake ni strutto. Mvinyo hutiwa kwenye wali wa risotto na kwenye mchuzi, na tiramisù mara nyingi ina pombe. Sema wazi tangu mwanzo: "Sono musulmana, senza maiale e senza alcol", mwanamme aseme musulmano. Hawakasiriki, wanakwenda kumuuliza mpishi.

Raha ni kwamba Venezia ni mji wa samaki. Kula sarde in saor, dagaa wakubwa waliokaangwa kisha kulazwa kwenye vitunguu na siki, pamoja na zabibu kavu. Kula bigoli in salsa, tambi nene za vitunguu na samaki wa chumvi. Wali wa ngisi kwa wino wake ni mweusi tii, mtamu sana, usivae nguo nyeupe. Kwa yote haya uliza mvinyo kwanza. Kitu kimoja kimewatoa watu machozi: samaki mzima huandikwa bei kwa "etto", yaani gramu 100. Ukiona yuro 9, samaki wa gramu 600 ni yuro 54. Mwambie akupimie kabla hajapikwa. Na "coperto" kwenye bili ni malipo ya kukaa mezani, yuro mbili tatu, si wizi. Kahawa inywe umesimama kaunta. Ukikaa kwenye viti vya uwanja wa San Marco, hiyo hiyo inapanda mara nyingi, na muziki unalipia. Maji ya bomba ya viwanjani ni salama, beba chupa yako.

Nyama halali, na sala ya Ijumaa, utazipata upande wa bara, Mestre na Marghera, ambako wapo Wabangladeshi wengi. Kibla chetu huku ni kaskazini. Kule geukia kusini-mashariki. Saa nazo zinachanganya: Juni jua linazama saa tatu usiku, isha unaisubiri karibu na saa sita, na Disemba magharibi inaingia saa kumi na nusu jioni. Ruhusa ya msafiri ya kupunguza na kukusanya ipo, itumie. Ukipita na boti karibu na kituo cha San Stae, tazama jumba refu la matao meupe, Fondaco dei Turchi. Kuanzia 1621 wafanyabiashara Waislamu wa dola ya Uthmaniya walikuwa wakikaa humo, wakiwa na chumba chao cha kusalia. Sasa ni makumbusho ya viumbe na mawe.

Kuhusu choo, tulia: nyumba za Kitaliano zina bide, beseni la kujisafishia, kanuni ya ujenzi ya 1975 inaitaka. Vyoo vya mjini vya kulipia havina maji ya kujisafishia, ni yuro 1.50, nenda na chupa ndogo.

Asubuhi Rialto, jioni San Marco

Nenda soko la samaki la Rialto asubuhi ya Jumanne mpaka Jumamosi, kabla ya saa tatu. Jumapili na Jumatatu samaki hakuna. Ukutani kuna bamba la marumaru la zamani lenye majina ya samaki na urefu mdogo unaoruhusiwa kuuzwa. Mkunga usiotimia sentimita 25 hauuzwi, chaza asiyetimia 5 hauzwi. Limechongwa kwenye jiwe, pale pale mnunuzi anaposimama. Nilisimama hapo nikafikiria vichangu vya urefu wa kidole tunavyoviona Malindi, na natamani mtu wa kamati ya uvuvi wa kijiji chochote chetu alione bamba lile kwa macho yake.

Uwanja wa San Marco uache mpaka jioni. Kanisani mabega na magoti yafunikwe, kwa hivyo sisi wa buibui na kanzu hatuna la kubadilisha. Begi kubwa haliingii. Farasi wanne wa shaba walioko mbele ni nakala. Wenyewe, waliochukuliwa Konstantinopoli 1204, wako ndani juu. Mnara ulio mbele ya kanisa una lifti. Mnara huo uliporomoka wote tarehe 14 Julai 1902, na 1912 wakaufungua tena, vile vile na pale pale ulipokuwa. Sisi tulioiona Beit al-Ajaib ikiporomoka Disemba 2020, na roho za watu zikapotea, hatuwezi kupanda mnara ule bila ya kulifikiria jengo letu. Miaka kumi waliyochukua wao si mingi, na nyumba yetu inastahili subira na uangalifu huo huo.

Vijana nawaambia mapema: Forodhani mnaruka majini kwa raha zenu, Venezia kuogelea mferejini ni faini ya mamia ya yuro. Kukaa kwenye ngazi za San Marco kula, kulisha njiwa, kutembea kifua wazi, zote zina faini. Na mikoba ya majina makubwa inayotandikwa chini barabarani usiinunue. Anayetozwa ni mnunuzi pia, na faini hufika mpaka yuro 7,000. Mikoba yako mwenyewe ibebe mbele ukiwa ndani ya vaporetto, wachomozi wapo.

Cha kununua

Shanga. Kutoka Fondamente Nove panda 4.1 kwenda Murano, dakika kumi hivi. Mafundi wa vioo walihamishiwa kisiwa hicho 1291 kwa kuhofia moto wa matanuri yao mjini. Karne ya 19 shanga za Venezia zilikuwa zikishushwa bandarini kwetu Unguja, na misafara ikizichukua bara mpaka Tabora na Ujiji badala ya pesa. Kila njia ilikuwa na rangi yake inayopendwa, na msafara uliobeba isiyotakiwa ulikwama. Makumbusho ya vioo ya Murano yanazo, nenda kaziangalie kabla hujaingia dukani, jicho lijue kazi ya mkono ikoje: shanga mbili za mkono hazifanani sawasawa, na tundu lake limeachwa na waya. Dukani tafuta nembo ya Vetro Artistico Murano, maana vioo vingi vinavyouzwa karibu na San Marco vimetoka nchi za mbali.

Ukinunua vya zaidi ya yuro 70 duka moja, onyesha pasi na uombe fomu ya kurudishiwa kodi. Uwanja wa ndege nenda forodha na fomu, risiti na vitu vyenyewe kabla ya kukabidhi begi, wakishaithibitisha ndipo uende dirisha la malipo. Fika saa tatu kabla, foleni ile ni ndefu.